Vumbi la Bampa kwenye Kamba ya Nguo

Bampa lile nililipasua kwa mchi wa kinu, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limeshaingia uani. Mara ya kwanza halikupasuka. Faiba ikishakauka ni ngumu. Mchi uliruka ukanirudia, na mume wangu, aliyekuwa amechuchumaa pembeni na kipande chake cha msasa, akautazama mkono wangu badala ya uso wangu, anasubiri kuona kama nitarudia. Nikarudia. Mara ya tatu likalia kama sahani iliyoanguka sakafuni, likakatika pale kwenye mdomo wa chini, ule ambao nilikuwa nimeuchora mimi mwenyewe kwa penseli.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

Juu ya kichwa chake, kwenye kamba, kulikuwa na fulana tano za mtoto, shuka lake na kofia yake. Nilikuwa nimezifua alfajiri, nikazisuuza maji matatu kama nesi alivyonielekeza, nikatoka mara moja kwenda duka la kona kununua sabuni. Sikuchelewa. Niliporudi nikakuta vumbi jeupe limetua juu ya fulana zote, laini kama unga wa muhogo. Na mtu ambaye juzi yake aliniahidi, mtoto akiwa mapajani mwake, kwamba hatasugua tena faiba ndani ya nyumba hii, alikuwa anasugua.

"Nilikuwa namalizia," akasema.

Ni hayo maneno mawili ndiyo yaliyonipeleka jikoni kuchukua mchi.

Ukiishia hapa utasema mume mkaidi, mke kachoka, basi. Mtaani wengi waliishia hapo, na mimi nikawaacha waishie hapo kwa siku mbili nzima kwa sababu ilinifaa. Lakini lile bampa lilikuwa langu kuliko lilivyokuwa lake. Ndiyo maana naandika.

Tunakaa kwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, ukumbi katikati na uani nyuma, karibu na mtaa wa Gerezani. Nyumba za hivi zimebaki za kuhesabu. Kulia kwetu ghorofa, kushoto ghorofa, sisi tupo chini katikati, na hewa ya uani inaingia kwa juu na kutokea huko huko juu, ikipenda. Bibi mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Amezaliwa humo na anasema atatolewa humo. Uani ni kwa wote: kila mpangaji na jiko lake la mkaa, bomba moja, bafu moja, kamba mbili za nguo.

Mume wangu ni fundi wa mabampa. Zamani walikuwa wanne chini ya bati moja kule Gerezani, mpaka mwenye kiwanja alipotaka kujenga. Wenzake wakahamia mbali, nje ya mji. Yeye akarudi nyumbani na bisibisi zake, gunia la mkaa, na mabampa mawili ya watu begani. "Wiki mbili tu, mama," akaniambia. "Nikipata sehemu natoka." Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano, bado hajajua kukaa vizuri. Alipojifunza kutembea alijishikiza kwenye bampa.

Kushona bampa ni kazi nzuri kuiangalia, sikatai. Ufa unatobolewa vitundu pande zote mbili, unapitishwa waya, unakazwa kama mtu anayeshona kikapu. Bisibisi inalazwa kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, halafu inapitishwa juu ya waya, plastiki inayeyuka na kuufunika. Baadaye msasa, puti ya kuziba mabonde, rangi. Ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Ukichungulia kwa ndani unaona mshono, kama tumbo la mwanamke aliyefanyiwa upasuaji. Mimi ninao huo, kwa hiyo najua ninachosema.

Harufu yake sasa. Plastiki inapoungua inakaa kwenye nywele, kwenye wali, kwenye maziwa ya mtoto. Wiki ya kwanza bibi alikuwa anakohoa kwa makusudi kila bisibisi inapotoka kwenye mkaa. Ndipo tenki lake la maji likapasuka ubavuni. Mume wangu akalishona kwa nusu saa, halikuvuja hata tone, na bibi akaacha kukohoa. Baada ya hapo zikaja ndoo. Beseni la mama wa chumba cha pili. Viti vya plastiki vya bwana wa chumba cha nne, vilivyokuwa vimekatika miguu tangu msiba wa kaka yake. Mpaka birika la kuogea la mzee wa chumba cha mwisho lilitiwa kiraka. Nyumba nzima ilikuwa imeshonwa, na mtu aliyeshonewa beseni lake hawezi kukuambia moshi wako unamkera.

Na mimi? Mimi nilimaliza kidato cha nne. Hesabu zilinishinda, lakini kemia nilifaulu, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza chochote cha kemia tangu nitoke kwenye chumba cha mtihani. Miaka saba. Halafu siku moja nikamwona mume wangu anahangaika na kiraka kinachobanduka. Kila akiyeyusha kinashika, kikipoa kinaachia. Nikageuza bampa nikaona herufi zimechongwa kwa ndani, zile za kutaja aina ya plastiki. Nikageuza kile kipande alichokatia kiraka, herufi nyingine.

"Hizi plastiki si ndugu," nikamwambia. "Tafuta yenye herufi kama hizi."

Akacheka. "Kumbe bampa nalo lina kabila."

Akajaribu hata hivyo. Kikashika. Akanitazama kwa namna ambayo alikuwa hajanitazama tangu harusi, na kuanzia siku hiyo jina langu likawa mwalimu. "Mwalimu, njoo unisomee hapa." "Subirini, mwalimu hajaliona hili." Mteja akija analetwa mpaka mlangoni kwangu, mimi na mtoto mgongoni, nageuza bampa, nasoma, natoa hukumu. Nilipenda. Ni lazima niseme nilipenda sana, maana bila hivyo mengine yote hayaeleweki.

Faiba ilikuwa wazo langu. Vijana wenye gari ndogo walikuwa wanaleta bampa lishonwe, halafu wanauliza, "Fundi, huwezi kuliwekea mdomo?" Wanataka bampa lishuke chini, lijae, gari lionekane limenuna. Plastiki ya kuyeyusha haiwezi kazi hiyo. Nikatafuta kwenye simu, nikaangalia watu wanavyofanya, nikajifunza. Unachukua vitambaa vya faiba, vinafanana na pamba iliyolazwa, ila ni nyuzi za kioo. Unavilowesha kwa gundi nzito ya kwenye kopo uliyoichanganya na matone ya dawa ya kukaushia. Unavibandika juu ya umbo, vinakauka vinakuwa mfupa. Kisha unasugua, unasugua, unasugua, mpaka mfupa uwe laini kama kioo.

Makopo tulinunua wenyewe, mimi na yeye. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Nilikaa barazani nikayasoma yote, mtoto ananyonya, na yeye amesimama mbele yangu kama mwanafunzi.

"Inasema matone mangapi kwa kikombe?"

Nikamwambia.

"Na inakauka kwa muda gani?"

Nikamwambia.

"Na hayo madogo ya chini?"

"Hayo ni ya watu wa kiwandani," nikasema. "Hayatuhusu."

Nitarudi hapo.

Mtoto alianza kujikuna shingoni. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Vipele vidogo vyekundu kwenye mikunjo ya shingo, halafu makwapani, halafu kiunoni pale nepi inapobana. Analala anajikuna, anaamka anajikuna, macho yamevimba. Bibi akasema joto. Akanichemshia mwarobaini, nikamwogesha siku nne, akalia siku nne. Nikabadilisha sabuni. Nikabadilisha mafuta. Nikaacha kula samaki, eti maziwa yangu yana aleji. Kila kitu nilikibadilisha isipokuwa kile kilichokuwa kinasuguliwa hatua tano kutoka kwenye kamba yangu ya nguo. Tena siku nyingine nilikuwa nasugua mimi, kwa sababu nina mkono mwepesi na kona ndogo ndogo mume wangu alikuwa ananiachia.

Halafu nikapata mchawi wangu. Nguo. Karibu nguo zote za mtoto zilikuwa za mtumba, kutoka kwa rafiki yangu mmoja pale sokoni Mchikichini. Huyu tulikaa dawati moja vidato viwili. Yeye ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua, mama yangu akiwa bado njiani kutoka Lindi. Ana meza ya nguo za watoto, na kila akifungua belo alikuwa anatoa kwanza za mwanangu, zile safi, za daraja la juu, anaziweka kwenye mfuko chini ya meza kabla wateja hawajainama. Hakuwa ananiuzia. Alikuwa ananipa tu.

Nilikwenda siku ya kufungua belo. Nilijua ni siku ya kufungua belo. Wanawake wamejazana wanachambua, mikono inapishana, yeye amesimama juu ya kibao anaita bei. Nikapenya na mtoto mgongoni nikabwaga ule mfuko juu ya rundo lake.

"Shoga, vipi tena?" akaniuliza, anacheka, anadhani nimemletea za kubadilisha.

"Chukua ugonjwa wako."

"Ugonjwa gani?"

Nikamgeuza mtoto, nikamfunua shingo, nikawaonyesha wale wanawake, sio yeye. "Angalieni. Hiki ndicho kinachotoka kwenye hizi nguo. Mnanunua upele, mnawapelekea watoto wenu."

Mmoja alikuwa ameshika gauni la njano. Akaliachia taratibu, akajifuta mkono kwenye kanga. Wa pili akamfuata. Nikaona watu wanapungua na nikajisikia mkubwa.

Rafiki yangu alishuka kwenye kibao. Hakupaza sauti. "Za mwanao nazifua mimi kwanza kwa maji ya moto," akasema. "Hujawahi kuuliza kwa nini zinanukia."

Kweli zilikuwa zinanukia. Nilijua zinanukia, na hata hivyo nikageuka nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia muuzaji wa meza ya pili anachombeza, "Haya, mama upele, shusha bei." Watu wakacheka. Mchikichini ukipewa jina hulivui. Wiki ile ile niliambiwa kwamba jina limeshika, mpaka wabeba mizigo wanamwita hivyo, na kwamba amehamisha meza yake nyuma huko karibu na choo, ambako mteja hafiki isipokuwa amepotea.

Vipele havikuisha. Nguo nilizokuwa nimezirudisha hazikuwepo tena, nimenunua mpya dukani, na vipele havikuisha. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema ugonjwa ulishaingia ndani ya mwili. Ndivyo unavyofanya ukishamtukana mtu mbele za watu: unatafuta kila njia uwe ulikuwa na haki.

Siku ya Alhamisi mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa kelele. Kifua kinaingia ndani, kinatoka, na kwenye koo kuna mluzi. Nilimchukua kama alivyo nikakimbia naye zahanati. Wakampa dawa ya kuvuta kwa kibomba, nikamshikia, mpaka mluzi ukapungua. Nesi aliyetuhudumia alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamvua fulana kumsikiliza mgongo. Halafu akaacha kusikiliza. Akaishika ile fulana, akapitisha kidole kwa ndani, akasogea nayo dirishani.

"Mama, hii nguo mpya?"

"Mpya, nesi. Ya dukani."

"Mnaianika wapi?"

"Uani."

"Uani kuna nini?"

Nikamvuta mtoto karibu. Akanishika mkono, akapitisha ile fulana juu ya ngozi yangu ya ndani ya kiwiko, akakandamiza kidogo. Ikawasha kama upupu.

"Mimi ni mtu wa Kigamboni," akasema. "Kaka yangu anaziba boti za faiba. Huu mwasho naujua tangu mdogo, mama yetu alikuwa hamruhusu kuvuka kizingiti na nguo za kazi. Nani anasugua faiba kwenu?"

"Baba yake."

Nilisema baba yake. Mkono wangu ulikuwa na vumbi kwenye kucha, umeshika mgongo wa mtoto, na nikasema baba yake.

"Na hakuna aliyesoma kopo? Imeandikwa pale."

Imeandikwa, ndiyo. Yale madogo ya chini. Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha. Vaa kinga ya pua. Vumbi lake huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Weka mbali na watoto. Niliyasoma yote siku ile barazani, neno kwa neno, na mtoto ananyonya. Nikatafsiri nusu. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri kabisa, na nikaona kwamba nikiyasema yale, mume wangu atafunga kopo, atarudi kwenye waya na bisibisi, na mimi nitarudi kuwa mtu anayesubiri wali uive. Kwa hiyo nikasema hayatuhusu.

Jioni ile nilimwambia mume wangu alichosema nesi. Ya kopo sikumwambia. Akamchukua mtoto, akamlaza mapajani, akasikiliza kile kifua muda mrefu. "Basi," akasema. "Humu ndani sisugui tena." Nilimwamini kwa sababu alikuwa analia, ingawa machozi yake ni ya kujificha, anajifanya anajikuna jicho.

Ijumaa nikaenda Mchikichini. Nilimkuta rafiki yangu nyuma kule, anakunja suruali za watoto ambazo hakuna aliyezikunjua. Nikainama sikioni kwake nikamwambia yote. Kweli yote, pamoja na kopo. Akaendelea kukunja.

"Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Anapumua vizuri leo."

"Alhamdulillahi." Akaweka suruali pembeni. "Sasa mbona unaninong'oneza? Ulinisema hadharani, unaniomba radhi sikioni?"

"Nifanye nini, shoga?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Mimi ni mama upele, najua nini?"

Kwa hiyo Jumamosi, niliposimama uani na sabuni mkononi nikaona lile vumbi kwenye fulana, sikuwa na hasira na mtu mmoja. Lakini mchi una upande mmoja tu wa kupigia.

Wapangaji walitoka wote. Bibi alisimama kwenye mlango wa ukumbi, kanga begani. Mume wangu aliokota nusu ya bampa, akaiangalia, akaokota nusu ya pili, akajaribu kuzikutanisha kama vile zitakubali.

"Hili ni la mtu," akasema.

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

"Nimekuambia nilikuwa namalizia. Limebaki hili moja."

"Uliniahidi. Alhamisi uliniahidi na machozi juu."

Ndipo akainua kichwa. Sio mtu wa maneno makali, ndiyo maana neno lake lilinipata. "Mimi nilikuuliza," akasema, mbele ya bibi, mbele ya beseni na viti na birika lililotiwa kiraka. "Nilikuuliza, na haya madogo ya chini? Ukasema hayatuhusu. Mimi ningejuaje?"

Kumbe ile karatasi ya nesi niliyompa Alhamisi ilitaja maandishi ya kopo, na yeye akalipeleka kopo kwa kijana wa duka la simu amtafsirie. Ijumaa hiyo hiyo, nikiwa Mchikichini nanong'ona. Alikuwa anajua tangu jana yake na hakusema. Na bado alisugua. Mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili linaniuma zaidi.

Bibi akaingilia kati. "Mwanangu, umepasua bampa, sasa unataka kupasua na ndoa? Baba, hiyo kazi si uhamishie barazani tu? Uani mwachie mtoto."

"Barazani kuna upepo," bwana wa chumba cha nne akasema.

"Upepo mzuri," mama wa chumba cha pili akamalizia.

Hakuna aliyesema aache. Nawaelewa. Tenki la bibi lina mshono ambao kila baada ya miezi unahitaji kuguswa. Basi Jumapili mume wangu akasugulia barazani bampa jipya la yule yule mteja, la kufidia lile nililolipasua, na upepo mzuri wa barazani ukapita ukumbini moja kwa moja kama unavyopita kwenye kila nyumba ya aina hii, ndiyo maana walizijenga hivyo. Niliona vumbi likielea kwenye mwanga wa mlango. Nikafunga mlango wa chumba, nikaziba chini kwa kanga, nikakaa ndani na mtoto mchana kutwa, joto la kufa mtu. Bado nilipika. Bado alikula.

Jumatatu asubuhi nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa.

Mtendaji alikuwa na daftari kubwa na watu watano kwenye benchi. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unamlalamikia nani?"

"Mume wangu."

Akafunika kalamu. "Dada, mambo ya nyumbani anza na wazee wa pande zote mbili. Amekupiga?"

"Hajanipiga. Anasugua mabampa ndani ya nyumba ya watu, vumbi linamziba mtoto kifua. Ninayo karatasi ya zahanati."

Akaisoma. Akafunua kalamu. "Haya. Mlalamikiwa wa kwanza, mume. Kuna mwingine?"

"Yupo. Mimi."

Kwenye benchi mtu akakohoa. Mzee mmoja mwenye kofia akasema, "Mama, sasa ukishinda hiyo kesi utakamatwa au utashangilia?" Wakacheka wote, na mtendaji naye midomo ikamcheza.

"Umeamka salama, dada?"

"Nimeamka salama. Andika."

"Sina mahali pa kuandika mtu anajilalamikia. Hili daftari lina safu ya mlalamikaji na safu ya mlalamikiwa. Ukikaa kote utanichanganyia." Akanisukumia karatasi ya mistari. "Andika barua. Nitagonga muhuri wa kupokea. Lakini ujue, muhuri unaonyesha tumepokea tu. Hauonyeshi kwamba ni kweli."

"Ukweli nitauonyesha mimi. Niandike nakala ngapi?"

"Moja inatosha."

"Naandika mbili."

Nilikaa mwisho wa benchi, karibu na yule mzee mwenye kofia, ambaye alinishikia mtoto bila kuombwa muda wote niliokuwa naandika. Barua yenyewe hii hapa, nimeondoa majina tu.

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU VUMBI LA FAIBA KATIKA NYUMBA YA KUISHI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mpangaji na mama wa mtoto mmoja. Namlalamikia mlalamikiwa wa kwanza, mume wangu, kwa kutengeneza na kusugua mabampa uani na barazani, katika nyumba yenye watu wa vyumba sita, na kuendelea baada ya kuahidi kuacha na baada ya kujua madhara. Karatasi ya zahanati nimeambatanisha. Wapangaji wenzangu hawatalalamika kwa sababu amewashonea vyombo vyao. Siwalaumu.*

*Namlalamikia mlalamikiwa wa pili, ambaye ni mimi, kwa makosa matatu. Kwanza, ndiye niliyeileta kazi ya faiba na nimesugua kwa mikono yangu. Pili, nilisoma maandishi yote ya kopo na nikamtafsiria mlalamikiwa wa kwanza nusu, kwa kupenda kuitwa mwalimu. Tatu, ngozi ya mtoto ilipoharibika nilimsingizia muuza nguo za watoto wa soko la Mchikichini, mbele ya wateja wake, kwamba nguo zake zina ugonjwa. Nguo zake hazikuwa na ugonjwa. Alikuwa anazifua kwa maji ya moto kabla ya kunipa, na hakuwahi kunitoza.*

*Naomba ofisi yako imwite mlalamikiwa wa kwanza na mwenye nyumba, na kazi hii iondolewe ndani ya nyumba yote, si uani tu na si barazani tu, mpaka apate sehemu isiyo na watoto. Kushona kwa waya nako kumo, kwa sababu ya moshi.*

*Naomba pia nakala ya pili ya barua hii igongwe muhuri na nirudishiwe mimi. Alhamisi ni siku ya kufungua belo. Nitakwenda nayo Mchikichini, nitasimama pale pale nilipopigia kelele, na nitaisoma yote kwa sauti, pamoja na maandishi madogo ya chini.*

*Ni mimi, mlalamikaji, na mlalamikiwa wa pili.*